Niliambiwa "tutakupigia", na sasa nimeacha kila kitu nikingoja simu

BARUA

Kwako Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 23, ninaishi Kisauni, Mombasa, pamoja na mama yangu na wadogo zangu wawili. Nilimaliza kidato cha nne, kisha nikasomea cheti cha mauzo katika chuo kimoja hapa mjini, na kila mjomba wangu anapozidiwa na kazi katika duka lake la vifaa vya ujenzi kule Bombolulu, mimi ndiye ninayeitwa kumsaidia.

Karibu mwezi mmoja uliopita niliomba kazi ya keshia katika supamaketi moja kubwa iliyo upande wa Nyali. Nilipeleka barua na wasifukazi mwenyewe kwenye dawati la huduma kwa wateja, na baada ya muda mfupi nikaitwa kwenye usaili. Tulikuwa wengi. Tulipewa mtihani mfupi wa hesabu za chenji na asilimia, halafu kila mmoja akaingia peke yake mbele ya meneja wa tawi na dada mmoja ambaye alisema ametoka makao makuu, Nairobi. Waliniuliza ningefanya nini iwapo mteja angedai kwamba amenipa noti ya elfu moja ilhali mimi nimepokea ya mia tano, wakaniuliza kama ninaweza kufanya zamu ya jioni, na mwishowe yule dada akachukua nambari za watu wawili wanaonifahamu, akatabasamu, akasema, "Tutakupigia." Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba kazi nimeipata. Kwa furaha ile nilimwambia mama, na mama akawaambia wenzake wa chama.

Tangu siku hiyo sijasikia lolote. Simu yangu siiachi hata nikienda kuoga. Nimehifadhi nambari ya lile tawi ili nitambue wakipiga, kwa sababu simu nyingine zinazoingia ni za usumbufu mtupu: binamu yangu alikopa pesa kwa programu ya mikopo na akaandika nambari yangu, sasa wanaomdai hunipigia mimi, mpaka nimezizuia nambari zao zote, hasa zile za mezani kutoka Nairobi.

Wiki iliyopita mjomba aliniita akaniambia kwamba mvulana aliyekuwa akimsaidia ameenda zake, na kwamba angependa niwe dukani kila siku kwa shilingi 600. Nilikataa. Niliogopa kwamba nikianza kwake, kisha supamaketi ikapiga siku ya tatu, nitakuwa nimemvunjia heshima mtu aliyenilipia karo. Mama amekasirika, anasema niende nikaketi kwenye lango la supamaketi kila asubuhi mpaka meneja anione, kwa kuwa zamani ndivyo watu walivyopata kazi. Jambo lililonivunja moyo zaidi ni kwamba msichana niliyeketi naye siku ya usaili nimemwona amevaa sare, anapima mboga katika tawi hilohilo.

Binamu yangu naye, huyohuyo wa mikopo, anasema anamjua mtu wa ndani ambaye akipewa elfu tano jina langu litapanda juu, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Isitoshe, juzi nilipata ujumbe mfupi unaosema kwamba nimechaguliwa, nitume shilingi 1,850 za sare na cheti cha afya kwa nambari fulani kabla ya jioni. Sikutuma, lakini tangu hapo silali vizuri, nikijiuliza kama huenda ulikuwa wa kweli.

Naomba unisaidie. Je, niwapigie au nitaonekana msumbufu? Niendelee kungoja hadi lini? Na mjomba nimwambie nini?

Wako,
Msichana wa Kisauni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kwa sababu huenda likawa na uzito kuliko yote uliyoyauliza. Unasema kwamba unaingoja nambari ya tawi, na papo hapo unasema kwamba nambari za mezani za Nairobi umezizuia. Lakini wewe mwenyewe umeeleza kwamba mmoja wa waliokusaili alitoka makao makuu. Katika maduka yenye matawi mengi, meneja wa tawi ndiye anayesema ana upungufu wa watu wangapi na ndiye anayewatazama waombaji, ila barua ya ajira na simu ya kumwita mtu kazini kwa kawaida hutoka katika idara ya wafanyakazi, ambayo haiko Nyali. Nambari za mezani za Nairobi huanza na 020, na ofisi inayopiga simu kutoka huko haitofautiani kwa sura na kampuni inayomsaka binamu yako.

Kwa hivyo, kabla hujafanya lingine lolote, fungua orodha ya nambari ulizozizuia na uziachilie zote, kisha uzipigie zile za 020 zilizokutafuta baada ya siku ya usaili. Atakayepokea huenda akawa mtu wa mapokezi asiyejua ni nani aliyekupigia. Mtajie jina lako, mwambie kwamba ulisailiwa kwa nafasi ya keshia katika tawi la Nyali na kwamba ulipigiwa kutoka nambari hiyo, umwombe akuunganishe na idara ya wafanyakazi. Zikiwa ni za wadai, waambie mara moja na kwa utulivu kwamba hukukopa wala hukumdhamini mtu, kisha uzuie hiyo nambari moja peke yake. Pitia pia baruapepe yako, pamoja na lile kasha la barua taka ambalo wengi hatulifungui, na ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa watu usiowajua.

Halafu wapigie wale watu wawili ambao nambari zao ulizitoa, uwaulize kama kuna yeyote aliyewatafuta kuuliza habari zako. Hakuna dalili iliyo wazi zaidi ya hii kwa mwombaji aliye nje ya mlango. Keshia hukabidhiwa fedha, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara wa mtu ambaye mkataba wake unamkabidhi fedha ikiwa pesa zimepungua kwa uzembe au udanganyifu wake; kwa sababu hiyo waajiri huchelea sana kumweka kwenye tili mtu ambaye hawajamuulizia. Wadhamini wako wakisema kwamba wamepigiwa, basi jina lako bado liko mezani au lilikuwa mezani hivi karibuni. Wakisema hawajapigiwa, huenda ombi lako halijafika hatua hiyo, au limepita kando. Hakikisha tu kwamba nambari ulizowapa ni sahihi na kwamba wazee hao, kama wewe, hawajazizuia simu za Nairobi.

Sasa tuzungumzie kimya chenyewe. Unakichukulia kana kwamba ni jibu, na pengine kana kwamba ni hukumu juu ya jinsi ulivyojieleza siku ile. Mara nyingi si hivyo. Meneja anaweza kuwapenda waombaji wanane na kuruhusiwa kuajiri watatu tu. Idhini ya nafasi hutolewa na watu wanaotazama mauzo ya mwezi, na mauzo yakilegea idhini huahirishwa bila mtu yeyote kukumbuka kuwaarifu waliosailiwa. Tena biashara ya supamaketi ina majira yake. Watu wengi wa muda huchukuliwa kabla ya Krismasi, wengine kabla ya shule kufunguliwa, na mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia, hakuna meneja mwenye nafasi ya kushika faili ya waombaji. Hata baada ya nafasi kujazwa, waombaji waliofanya vizuri huwekwa akiba, kwa kuwa katika wiki za kwanza baadhi ya waliochukuliwa huondoka wakigundua kwamba zamu ya jioni inamalizika wakati matatu za kwao zimekuwa adimu. Simu ya pili hupigwa hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wenye umri wangu watalikumbuka. Kuanguka kwa supamaketi za Nakumatt, na baadaye Tuskys, kuliacha maelfu ya wafanyakazi bila kazi nchini Kenya, na wengi wao walikuwa makeshia waliokwisha kufundishwa. Kwa maoni yangu, hali hiyo iliyafanya maduka yaliyobaki kuwa waangalifu mno katika kuongeza watu wa kudumu, na ikayazoesha mikataba mifupi na watu wanaoletwa na mawakala wa ajira. Msichana anayeomba kazi ya kwanza leo anashindana na historia hiyo, na hakuna alilokosea yeye.

Hata hivyo sitakudanganya kuhusu yule mwenzako uliyemwona amevaa sare. Ikiwa ameajiriwa kwa nafasi ileile ya keshia, basi awamu ya kwanza imekwisha kuchaguliwa na wewe hukuwamo. Lakini wewe umesema alikuwa anapima mboga, na hiyo ni sehemu nyingine ya duka, ambayo huenda haihitaji idhini ileile wala kuulizia wadhamini. Inawezekana pia kwamba hakuajiriwa na supamaketi kabisa, nami nitalirudia hilo baadaye. Jambo lililo rahisi zaidi ni kumsalimia na kumuuliza. Mlikaa pamoja mkingoja; hatakuchukia kwa kuuliza nani alimpigia, lini, na kutoka nambari gani.

Swali lako la kwanza lilikuwa kama uwapigie. Ndiyo, wapigie, na umechelewa kidogo. Waliokusaili walikuambia watapiga bila kukutajia siku, na wiki mbili zikipita baada ya maneno kama hayo mwombaji ana haki ya kuuliza bila kuonekana msumbufu. Usumbufu huanza pale mtu anapouliza leo, kesho akauliza tena, kesho kutwa akamtuma mama yake. Usipige Ijumaa wala mwisho wa wiki, usipige tarehe za mwisho wa mwezi, na usipige asubuhi mapema wakati magari ya mizigo yanapakuliwa. Jumanne au Jumatano, kati ya saa nne na saa sita, ni wakati ambao duka limetulia kidogo na meneja ameketi.

Uulize nini? Wengi huuliza, "Je, nimepata kazi?" na hilo ni swali ambalo mtu wa mapokezi hana ruhusa ya kulijibu, kwa hivyo atakuambia uendelee kungoja, nawe utarudi palepale ulipokuwa. Uliza badala yake kama uteuzi wa makeshia wa tawi la Nyali umekamilika. Swali hilo lina jibu la ndiyo au la, haliombi siri ya mtu, na likijibiwa utajua la kufanya. Ukipewa anwani ya baruapepe ya idara ya wafanyakazi, andika maneno machache kama haya, na ukiona kwamba ofisi yenyewe huandika kwa Kiingereza, nawe uwaandikie kwa Kiingereza; mahali pa kazi panapotajwa humo ni dukani kwa mjomba wako, nami nitalifikia hilo baadaye:

"Nawasalimu. Nilisailiwa mwezi uliopita kwa nafasi ya keshia katika tawi lenu la Nyali, nikaelezwa kwamba nitapigiwa simu. Bado ninaitaka nafasi hiyo, na ninaweza kuanza baada ya kutoa taarifa fupi mahali ninapofanya kazi kwa sasa. Ningeshukuru kufahamishwa kama uteuzi umekamilika, na kama bado, ni lini ninaweza kutarajia jibu. Nambari yangu ya simu ni ileile niliyoiacha kwenu."

Andika jina lako kamili chini, na nambari ya simu, hata kama wanayo. Baada ya hapo wape siku kumi. Zikipita bila neno, hesabu kwamba ombi hilo limefungwa. Wakipiga baadaye, itakuwa kheri. Huna haja ya kuwaandikia kwamba umekata tamaa, na kwa hakika huna haja ya kuwalaumu, maana Sheria ya Ajira haina kifungu kinachomlazimisha mwajiri binafsi kumjibu kila aliyeomba. Sheria hiyo inakataza ubaguzi, na kifungu cha 5 kinamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa, ili asinyimwe kazi kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, ulemavu, ujauzito na mambo mengine ya namna hiyo. Lakini kunyamaza peke yake, ingawa ni utovu wa adabu, si kosa la kisheria.

Mama yako usimbishie sana. Alilokuambia lilikuwa kweli katika wakati wake, na bado ni kweli kwa vibarua wa kupakia na kupakua mizigo, ambao huchukuliwa langoni asubuhi. Kwa keshia, meneja anayekukuta umeketi mlangoni kila siku hana la kukupa, kwa kuwa uamuzi hauko mikononi mwake, na atakachokumbuka ni aibu ya kukupita. Nenda mara moja, ukiwa umevaa vizuri, saa zile nilizokutajia, uulize dawati la huduma kama meneja yuko na kama anaweza kukupa dakika mbili. Asipokuwepo, acha ujumbe, urudi nyumbani.

Kuhusu zile elfu tano, sitasema mengi. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haikuwekwa kwa ajili ya ofisi za serikali peke yake. Inazihusu kampuni binafsi pia, na inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea. Ukiacha sheria, jiulize huyo mtu wa ndani ni nani, kwani hata jina lake hukupewa, na aliyekuletea habari zake ni kijana ambaye madeni yake yanalipiwa kwa usingizi wako. Mwambie hapana, na usimpe sababu ndefu za kujadiliana.

Ule ujumbe wa shilingi 1,850 ulikuwa wa matapeli. Hukupoteza kazi kwa kutoutii, kwa hivyo ulale. Wanaotuma ujumbe kama huo huutuma kwa maelfu ya nambari wakijua kwamba miongoni mwa wapokeaji hakukosi mtu aliyeomba kazi mahali fulani, na wakati wa mwisho unaotajwa, "kabla ya jioni", umewekwa ili usipate nafasi ya kuuliza mtu. Ni kweli kwamba anayeshika chakula huhitaji cheti cha afya, lakini cheti hicho hutolewa na idara ya afya ya kaunti baada ya kupimwa, na malipo yake huenda kwa kaunti. Vivyo hivyo cheti cha mwenendo mwema cha polisi hulipiwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre. Hakuna meneja anayekusanya pesa hizo kwenye simu yake. Na usiharakishe kununua vyeti hivyo kabla hujapewa kazi, kwa kuwa marekebisho ya Sheria ya Ajira yaliyofanywa mwaka 2022 yanasema kwamba mwajiri aombe vyeti vya namna hiyo pale tu anapokusudia kumpa mtu mkataba wa maandishi. Ujumbe wenyewe, kama una laini ya Safaricom, upeleke kwa 333, nambari yao ya kupokea taarifa za matapeli, kisha uufute.

Sasa nifike kwa mjomba, ambapo ndipo barua yako ilinitia wasiwasi kweli. Umekataa kazi iliyopo kwa ajili ya kazi ambayo hujapewa, na sababu uliyoitoa ni heshima. Ninaielewa. Lakini tazama mjomba mwenyewe alivyoliona jambo hilo: alikuita akiwa na shida, duka halina mtu, na mtoto aliyemlipia karo akamwambia hapana kwa sababu anangoja simu. Sidhani kwamba hilo lilimfurahisha zaidi kuliko ambavyo angefurahi kukuona dukani kwa wiki tatu kisha ukamuaga vizuri.

Sheria nayo haikubani kama unavyodhani. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba kazi inayolipwa kwa siku inaweza kukatizwa na upande wowote siku inapoisha, bila notisi. Ukiwa kwake kwa muda unaofikia mwezi mmoja wa kazi mfululizo, kifungu cha 37 huanza kukuhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi, na hapo notisi ni siku 28. Hiyo ni faida kwako pia, kwa kuwa inakuletea haki ambazo kibarua hana. Basi mkae, mkubaliane mapema. Mwambie, "Mjomba, nilikosa adabu kukukatalia kabla ya kukueleza. Niko tayari kuanza. Ila nimesailiwa mahali, na wakiniita nitakuomba ruhusa, nami sitaondoka kabla hujapata mtu au kabla ya wiki moja kupita, lolote litakalotangulia." Wajomba wengi wenye maduka hulipokea neno kama hilo bila kinyongo, maana nao waliwahi kuanza kwa mtu mwingine. Kama tayari amepata kijana mwingine, utakuwa umemwomba radhi, na utajua kwamba siku za mizigo mingi bado ataweza kukuita.

Na usiione kazi hiyo kuwa ya kuua wakati. Mtu anayeketi kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi hupokea malipo ya M-Pesa na fedha taslimu kwa pamoja, hulinganisha jioni kilichoingia na kilichouzwa, hutoa risiti za kielektroniki za eTIMS za mamlaka ya ushuru, KRA, kama duka limesajiliwa, na hubishana kwa upole na fundi anayedai kwamba misumari aliyopewa ilikuwa pungufu. Mwombe mjomba akuachie hesabu za jioni, hata kama kwa siku za kwanza atazirudia mwenyewe. Utakaposailiwa tena, popote pale, na ukaulizwa lile swali la noti ya elfu moja na ya mia tano, utajibu kwa kisa kilichokupata, na msaili mzoefu huitambua tofauti hiyo mara moja.

Nilikuahidi kwamba nitarudia habari za wale walio ndani ya supamaketi bila kuajiriwa nayo. Watu wengi unaowaona wakipanga bidhaa kwenye rafu, wakibandika bei, au wakikuonjesha maziwa mapya, ni machandaiza walioajiriwa na kampuni zinazotengeneza au kusambaza bidhaa hizo, au na wakala aliyepewa kazi na kampuni hizo. Wana sare ya kampuni yao, mshahara wao hautoki kwa supamaketi, na hawasubiri idhini ya makao makuu ya duka. Kwa mtu aliyesomea mauzo, huu ni mlango ambao vijana wa Mombasa hawaubishi vya kutosha kwa sababu hauandikwi kwenye kibao mbele ya duka. Wasambazaji wengi wana maghala yao Shimanzi na Changamwe. Soma jina la msambazaji nyuma ya pakiti, waulize machandaiza waliopo ni nani aliyewachukua, kisha upeleke wasifukazi huko. Ukielekezwa kwa wakala wa ajira, thibitisha kwanza kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo huchapisha majina ya mawakala wenye kibali.

Kuhusu wenzake wa mama katika chama, najua kwamba kila mkutano wa Jumapili una mtu wa kuuliza, "Binti ameshaanza?" Mpe mama jibu fupi la kweli: alisailiwa, bado hajajibiwa, kwa sasa yuko dukani kwa mjomba wake. Likisemwa mara ya kwanza bila kuona haya, mara ya pili hakuna atakayeuliza, na huenda katika kundi hilo akawamo mama ambaye mwanawe ni machandaiza.

Mwishowe, ikiwa simu itaingia ukiwa unapima nyaya dukani, usiseme ndiyo kabla ya kuuliza mambo manne. Mkataba utaandikwa kwa jina la supamaketi au la wakala? Ni tawi la Nyali au tawi jingine, na zamu ya jioni inaisha saa ngapi, maana nauli ya kurudi Kisauni usiku ni sehemu ya mshahara wako? Muda wa majaribio ni miezi mingapi, ukijua kwamba kisheria hauzidi sita bila ridhaa yako, na kwamba ndani yake upande wowote unaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba? Na fedha zikipungua kwenye tili, zinahesabiwa mbele ya nani kabla ya kukatwa? Hayo yote omba uyaone kwa maandishi, uyasome nyumbani, kisha jioni hiyohiyo umpelekee mjomba habari kabla hajazisikia kwa mama yako.

Mshauri